Salio la benki linapanda kila mwaka, mjumbe wa bodi anasema tuna akiba nyingi mno. Naombeni mnisomee hizi hesabu

mweka_hazina_mpya

Habari zenu wakuu. Naombeni mawazo maana hapa nimebanwa pande zote. Nimekabidhiwa nafasi ya mweka hazina kwenye asasi ndogo isiyo ya faida, kazi ya kujitolea tu, wafanyakazi wanaolipwa hawafiki kumi. Kitu cha kwanza nimekusanya taarifa za fedha za miaka yote, zilikuwa zimetawanyika hovyo, nyingine pdf, nyingine eksel, nyingine karatasi ya mkaguzi imepigwa picha na simu upande mmoja una kivuli cha mkono, nikazimwaga zote kwenye jedwali moja nione tumetoka wapi. Sitaki kuweka hela halisi hapa, kwa hiyo matumizi ya mwaka wa kwanza tuyaite 100 na mengine yote yapimeni kwa hiyo 100.

Mwaka wa 1: matumizi 100, salio la benki siku ya kufunga mwaka 40
Mwaka wa 4: matumizi 180, salio 75
Mwaka wa 6: matumizi 300, salio 150
Mwaka wa 8 (huu tuliofunga juzi): matumizi 360, salio 210

Kikao cha bodi kilichopita kilikuwa moto. Mjumbe mmoja anasema salio limepanda zaidi ya mara 5 na watu wanatuchangia ili kazi ifanyike sio ili hela ilale benki, tuajiri watu wawili na tuanzishe mradi mpya. Mwenyekiti yeye hataki hata kusikia, akiba isiguswe, basi. Af mkurugenzi kakaa kimya muda wote, mwisho anasema jamani mbona mimi kila ikifika mwezi wa 9 na wa 10 nahangaika na mishahara. Hapo ndo nilipochoka, mtu ana 210 benki mshahara unamsumbua vipi?

Nikipiga hesabu ya haraka, 210 kwa matumizi ya 30 kwa mwezi ni miezi 7. Mwaka wa kwanza ilikuwa kama miezi 5. Si ndo tunaendelea vizuri? Au kuna kitu sikioni?

---

Kalamu Nyekundu

Kuna kitu hukioni, na wala si kosa lako, jedwali lenyewe ndo linakificha. Nimefanya ukaguzi wa hesabu za asasi miaka mingi na hilo jedwali nimeshaliona kwa sura nyingi sana, salio la benki linapanda af mkurugenzi analia. Wote wawili wanasema kweli.

Salio la benki linakwambia hela ngapi ipo, halikwambii ni ya nani. Humo ndani kuna hela ya mfadhili aliyetoa kwa mradi fulani na haijatumika bado, hiyo huwezi kulipia pango la ofisi hata siku moja kama mkataba hausemi hivyo. Kuna hela ya madeni, makato ya mishahara ambayo hujapeleka, mzabuni hajalipwa, ada ya mkaguzi (na sisi tunadai jamani). Ukitoa hivyo vyote kinachobaki ndo hela huru, na hiyo ndo unaweza kuiita akiba bila kujidanganya.

Na usikimbilie mstari wa chini wa mizania ukadhani ndo jibu, ule wa jumla ya mali ukitoa madeni, maana mle kuna gari na kompyuta na samani. Kama mlinunua gari kwa hela yenu wenyewe, kwenye mizania linaonekana ni mali halali kabisa, ila mwezi wa 10 huwezi kumkatia mtu usukani ukamlipa mshahara.

Fanya hivi, rudi kwenye kila mwaka kati ya hiyo minne, chukua salio la benki, toa hela za masharti ambazo hazijatumika, toa madeni ya muda mfupi, tuletee kilichobaki. Taarifa ya mkaguzi inayo, angalia maelezo ya nyuma huko sio kurasa za mbele.

---

jirani_mwema

Miezi 7 ni mingi sana, sisi tuna wiki 3 na tunaishi 😂

---

Mama Bajeti

Mnaishi mpaka siku mfadhili atakapochelewa.

Mweka hazina, wakati unatafuta hizo namba nikujibu swali la kiasi, maana najua utauliza kama kuna kiwango. Kiwango cha dunia nzima hakipo. Kule Marekani kuna kikundi kazi cha watu wa sekta hii mwaka 2008 walipendekeza sakafu iwe asilimia 25 ya matumizi ya mwaka, yaani miezi 3, na hiyo namba imesambaa mpaka watu wanaisema kama sheria. Ilikuwa sakafu ya chini, sio lengo. Upande wa dari, Wise Giving Alliance ya BBB wanaopima asasi hukohuko Marekani wanasema hela huru isizidi mara 3 ya matumizi ya mwaka. Miaka mitatu, sio miezi mitatu! Kwa hiyo huyo mjumbe anayesema mna nyingi mno hata mngekuwa na miezi 7 ya kweli bado msingekaribia huko. Uingereza wao msimamizi wa asasi hakupangii namba, anataka bodi ikae iamue akiba inayotakiwa ni kiasi gani na kwa sababu gani, halafu muieleze kwenye ripoti ya mwaka. Mimi hiyo ya Uingereza ndo naipenda maana inawalazimisha watu kufikiri.

Swali la kuwauliza bodi ni hili, tukikatiwa hela kesho asubuhi tunahitaji muda gani kupata nyingine? Asasi inayoishi kwa michango midogo ya watu elfu ina hatari tofauti kabisa na inayoishi kwa wafadhili wawili. Ile ya wafadhili wawili miezi 3 inaisha kabla hata andiko jipya la mradi halijajibiwa.

---

mweka_hazina_mpya

Nimerudi. Imenichukua jioni nzima kwa sababu mwaka wa 4 mkaguzi alikuwa mwingine na mpangilio wake hausomeki kirahisi, ila hizi hapa.

Mwaka wa 1: benki 40, hakuna hela ya masharti, hela huru 40
Mwaka wa 4: benki 75, ya masharti 20, huru 55
Mwaka wa 6: benki 150, ya masharti 90, huru 60
Mwaka wa 8: benki 210, ya masharti 130, madeni 15, huru 65

Nikigawa kwa matumizi ya mwezi napata miezi 4.8, halafu 3.7, halafu 2.4, halafu 2.2.

Yaani tumekuwa tukishuka miaka yote 8 huku salio linapanda?? Nimeangalia mara mbili.

---

Kalamu Nyekundu

Ndiyo. Na ni kitu cha kawaida sana kwa asasi inayokua. Mlipoanza mlikuwa wadogo mnaishi kwa michango yenu, hela yote yenu. Wakaja wafadhili wa miradi, matumizi yakapanda mara 3 na zaidi, hela huru ikapanda mara moja na nusu tu. Kati ya mwaka wa 6 na wa 8 matumizi yameongezeka 60 na hela huru imeongezeka 5. Kila mradi mpya unakuja na kazi zake, na mfadhili analipa hizo kazi, halipi akiba.

Chora hiyo mistari miwili kwenye chati moja, salio la benki na miezi ya akiba, uwapelekee bodi. Usiwape maelezo mengi. Watabishana wenyewe.

Sasa nikuulize la pili. Hizo namba zote ni za siku ya kufunga mwaka. Hela za wafadhili na michango zinaingia miezi gani?

---

Mjumbe Mbishi

Samahani wakuu lakini mimi hii hesabu siikubali. Mnagawa hela huru kwa matumizi YOTE, hiyo ni kumtisha mtu bure. Kama mradi una bajeti ya 200 na mfadhili kaondoka, zile 200 hazitumiki tena, semina hazifanyiki, vifaa havinunuliwi, kwa nini uweke akiba ya kulipia semina ambayo haipo? Akiba inatakiwa ibebe uti wa mgongo tu, mishahara ya msingi, pango, umeme, intaneti, ukaguzi. Mweka hazina tupe hiyo namba ya uendeshaji peke yake uone.

---

mweka_hazina_mpya

Mjumbe Mbishi: kati ya 360 za mwaka wa 8, 210 ni kazi za miradi moja kwa moja na 150 ni uendeshaji. Kwa hiyo 65 kwa 150 inakuja miezi 5.2. Hahaha sasa nimepata majibu matatu kwa swali moja, miezi 7, miezi 2.2 na miezi 5.2. Bodi watanipiga.

Kalamu Nyekundu: michango mingi inaingia miezi miwili ya mwisho wa mwaka. Mfadhili mkubwa analeta awamu yake mwezi wa 12 pia. Na kuna mradi mmoja tunalipwa kwa kurudishiwa, tunatumia kwanza hela yetu, tunapeleka ripoti na risiti, wanarudisha.

---

Mama Bajeti

Mbishi ana hoja na mimi nakubaliana naye nusu. Nusu ambayo sikubaliani ni hii, hizo 150 za uendeshaji nani anazilipa? Nina uhakika miradi inachangia humo, mfadhili analipa asilimia fulani ya mshahara wa mhasibu, kipande cha pango. Mradi ukifa zile 210 zinakufa nao sawa, ila mchango wake kwenye 150 unakufa pia na pango halipungui. Af wafanyakazi wa mradi wana mikataba na asasi sio na mfadhili, notisi yao, likizo ambazo hawajachukua, kiinua mgongo, vyote vinadondokea kwenu. Kwa hiyo wala sio 360 wala sio 150 tupu. Ni 150 pamoja na gharama ya kufunga mradi vizuri.

Ila kubwa kuliko yote, chagueni njia moja muiandike kwenye sera na muitumie kwa miaka YOTE iliyopita na ijayo. Kinachoua ni kubadilisha kipimo kila mwaka ili namba ipendeze. Mwaka huu tunagawa kwa jumla, mwakani tunagawa kwa uendeshaji, tazameni jamani tumepanda! Hamjapanda, mmebadilisha rula.

---

Kalamu Nyekundu

Mweka hazina, hicho cha kurudishiwa ndo jibu la mkurugenzi wako. Mnafunga mwaka siku ambayo hela imejaa kuliko siku nyingine yoyote. Michango imeingia, awamu imeingia, mmerudishiwa. Mkaguzi anapiga picha siku hiyo, bodi inaiangalia hiyo picha mwaka mzima. Chukua taarifa ya benki ya mwisho wa mwezi wa 10 uniambie ilikuwa ngapi, na siku hiyo hela ya masharti iliyotakiwa kuwepo ilikuwa ngapi. Hiyo ya pili haipo kwenye taarifa ya benki, mwambie mhasibu wenu aitoe kwenye daftari la miradi, mapato ya kila mradi toa matumizi yake mpaka tarehe hiyo.

---

mweka_hazina_mpya

Mwisho wa mwezi wa 10 benki 48. Hela ya masharti iliyotakiwa kuwepo 60.

Maana yake huru ni hasi 12??

---

Kalamu Nyekundu

Maana yake mwezi huo mishahara ililipwa na hela ya mfadhili mmoja ambaye hajui, kwa sababu yenu ilikuwa imeshatangulizwa kwenye mradi wa kurudishiwa na haijarudi. Hakuna mtu kaiba, nisieleweke vibaya. Mwezi wa 12 zikarudi zote, mahesabu yakafungwa vizuri, mkaguzi wenu hakuona kitu cha kuandika. Lakini siku mfadhili wa kurudishiwa akikataa risiti au akichelewa mpaka mwezi wa 3, na huyu mwingine akaleta mkaguzi wake kuhesabu hela yake, hamna pa kujificha. Niliwahi kukuta asasi moja iliyoishi hivyo kwa miaka, mradi mpya unalipa mashimo ya mradi wa zamani, kila mwaka shimo kubwa kidogo, na kwenye karatasi za mwisho wa mwaka walikuwa wazuri kweli. Mwaka mmoja mradi mpya haukuja.

Kwa hiyo mjumbe wako anayetaka kuajiri watu wawili mpe namba ya mwezi wa 10, sio ya mwezi wa 12.

---

jirani_mwema

Dah. Naenda kuangalia ya kwetu.

---

Msomaji wa Mbali

Hii mada imenikumbusha mashirika mawili makubwa kabisa ambayo yaliisha kwa staili hii, ili msije mkadhani ni ugonjwa wa wadogo. Hull House ya Chicago, nyumba ya kusaidia wahamiaji na maskini, ilianzishwa 1889 na Jane Addams na Ellen Gates Starr, Addams baadaye akapata tuzo ya Nobel ya amani 1931, shirika likavuka vita vyote na mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, halafu shirika lililobeba jina hilo likafunga milango Januari 2012 baada ya miaka zaidi ya 120. Lilikuwa limeegemea hela ya serikali kwa sehemu kubwa sana, uchumi uliposhuka mahitaji ya watu yakapanda na hela ikapungua kwa wakati mmoja, na hakukuwa na mto wa kuegemea.

La pili ni Kids Company ya Uingereza, shirika la kusaidia watoto na vijana, 1996 mpaka Agosti 2015. Mapato yalikuwa yanakua kila mwaka na kila kinachoingia kinatoka, akiba karibu hakuna, serikali inawaokoa mara kwa mara. Hesabu zao zilikuwa zinakaguliwa miaka yote, tena suala la akiba lilikuwa linasemwa wazi.

---

Mjumbe Mbishi

Msomaji usiikate nusu hiyo ya Kids Company. Shirika lilianguka baada ya tuhuma kutangazwa na wachangiaji kukimbia, polisi wakachunguza na Januari 2016 wakafunga uchunguzi bila kukuta ushahidi wa jinai. Na 2021 mahakama kuu ya huko ilikataa ombi la kuwafungia waliokuwa wajumbe wa bodi kuongoza kampuni, jaji akasema bila zile tuhuma mpango wao wa kujipanga upya ungeweza kufanikiwa. Kwa hiyo kusema akiba tu ndo iliwaua sio haki.

---

Msomaji wa Mbali

Sijabisha hata kidogo, na ulichosema ndo kinanipa hoja zaidi. Polisi waliwasafisha Januari, shirika lilikuwa limeshakufa tangu Agosti. Walihitaji miezi mitano hivi ya kupumua na hawakuwa nayo. Tuhuma za uongo, mfadhili kachelewa, kompyuta zimeungua, sababu hutaichagua wewe.

---

mama_asasi

Mimi niulize kidogo kama mkurugenzi, wafadhili hawakubali akiba! Nimeandika kwenye bajeti mstari wa akiba nikakatwa palepale. Sasa hiyo hela huru inatoka wapi wakati kila senti imepangiwa kazi?

---

Mama Bajeti

Usiandike akiba, hakuna mfadhili wa mradi atakulipia mstari wenye jina hilo. Andika gharama zako zote za kweli. Asasi nyingi ndogo zinajifanya hazina pango wala mhasibu wala ukaguzi ili bajeti ionekane safi, halafu hivyo vyote vinalipwa na michango huru, yaani hela ambayo ingekuwa akiba ndo inamfadhili mfadhili. Kwenye ruzuku za serikali kuu ya Marekani asasi ambayo haina kiwango chake cha gharama za uendeshaji ilikuwa inaruhusiwa kudai asilimia 10 bila kujieleza sana, kuanzia Oktoba 2024 imepanda mpaka 15, na bado kuna watu hawaidai kwa kuogopa kuonekana ghali. Unamwogopa nani? Dai.

Vyanzo vingine, michango isiyo na masharti ambayo unaacha kuitumia kuziba mashimo. Mapato ya kazi mnazofanya kwa malipo kama mnazo, mafunzo, ushauri. Wafadhili wachache wanaotoa hela ya kuimarisha taasisi, hao wapo, ila uwaombe waziwazi na uwaonyeshe sera, sio kwa kujificha. Na mirathi, mtu kafariki kawaachia kitu, hiyo usiitumie kulipia mishahara ya kawaida hata siku moja, maana mwakani hafariki mwingine.

Halafu mstari wa akiba uwe kwenye bajeti yenu ya NDANI, kama gharama, unatolewa kila mwezi kwenda akaunti nyingine. Ukisubiri kitakachobaki mwisho wa mwaka hakibaki.

---

Kalamu Nyekundu

Naongezea hesabu kwa mweka hazina maana najua bodi watauliza lini tutafika. Mkitaka miezi 3 ya matumizi ya 360 lengo ni 90, mna 65, pengo 25. Mkitenga asilimia 2 ya matumizi, ni kama 7 kwa mwaka, miaka mitatu na nusu mmefika. Inaonekana rahisi eti.

Sasa weka na ukuaji. Matumizi yakipanda asilimia 10 kila mwaka, mwakani ni 396 na lengo linakuwa 99, mna kama 73, pengo 26. Mwaka unaofuata matumizi 436 hivi, lengo 109, mna 82, pengo 27. Mnatenga kila mwaka na pengo linaongezeka. Kila mnapoongeza matumizi ya mwaka kwa 100 lazima 25 iongezeke kwenye akiba ili tu mbaki palepale, na hiyo 25 hakuna mradi unaoileta. Ndo maana mimi asasi inayokua haraka naikagua kwa wasiwasi kuliko iliyosimama. Hao watu wawili wa kuajiriwa gharama yao sio mishahara yao peke yake, ni na robo juu yake.

---

Mjumbe Mbishi

Hapo kwenye robo juu sina ubishi, naandika pembeni. Ila na nyie msije mkageuza akiba kuwa sanamu. Nilikaa bodi moja walikuwa na akiba ya miaka miwili na wanakataa kukarabati jengo linavuja, paa likaja kugharimu mara tatu. Mwenyekiti anayesema haiguswi kabisa ni tatizo sawa na yule anayetaka kuimaliza.

---

Mama Bajeti

Ndo maana sera inaandikwa kabla ya shida. Ukurasa mmoja unatosha kabisa. Akiba ni ya nini, kiwango cha chini na cha juu, nani anaruhusu kuchota, ikichotwa inarudishwa vipi na kwa muda gani. Mkurugenzi apewe uwezo wa kuchota kidogo cha kuvukia mwezi wa 10 na kurudisha mwezi wa 12 akiwataarifu tu, zaidi ya hapo bodi nzima. Kiwango cha chini kabisa kiwe gharama ya kufunga asasi kwa heshima, notisi za watu, stahiki zao, pango la kumalizia mkataba, ukaguzi wa mwisho. Chini ya hapo mnaitana kikao cha dharura, maana hapo bodi inacheza na hela za wafanyakazi. Na ikizidi cha juu itumike, tena kwa vitu vya mara moja kama hilo paa, sio kwa ajira ya kudumu.

Halafu mkitenga hela kwa uamuzi wa bodi, tuseme mfuko wa jengo, msiichanganye na hela ya masharti ya mfadhili kwenye ripoti. Bodi ikiamua leo inaweza kutengua kesho, ya mfadhili hamuwezi. Kule Marekani sheria za uhasibu zilibadilishwa 2016, sasa mali za asasi zinagawanywa makundi mawili tu, zenye masharti ya mtoaji na zisizo na masharti, na lazima ueleze ni kiasi gani kinaweza kutumika ndani ya mwaka mmoja ujao. Hata kama nyie hamfuati kanuni zao, hilo jedwali la mwisho liigeni, linamsaidia mjumbe asiye mhasibu kuliko mizania yote.

---

mweka_hazina_mpya

Asanteni sana wakuu, sikutegemea kama ingefika huku. Nimeshachora chati ina mistari miwili, wa benki unapanda na wa miezi unashuka, na nukta moja nyekundu ya mwezi wa 10. Nimemtumia mkurugenzi kwanza, kajibu "hatimaye". Kesho nampelekea mwenyekiti kabla ya kikao ili asishtukie mbele za watu. Nitapendekeza ajira zisubiri na tuongee na yule mfadhili wa kurudishiwa kama anaweza kutupa sehemu kwanza, hata asilimia 30.

Swali dogo la mwisho. Hela ya mradi ikikaa kwenye akaunti yenye riba, ile riba ni yetu? Nilitaka kuihesabu kwenye hela huru.

---

Kalamu Nyekundu

Usiihesabu mpaka usome mkataba. Wengine wanasema inarudi kwenye mradi, wengine inarudishwa kwao, wengine wako kimya na hapo unawauliza kwa barua uwe na maandishi. Ruzuku za serikali kuu ya Marekani wanakuachia dola 500 kwa mwaka kwa ajili ya gharama za utawala, inayozidi unairudisha. Na hilo la kuomba sehemu kwanza liombe mwanzoni mwa mwaka wao wa fedha, ukiomba wakati unadai ripoti iliyochelewa watakuona unazama.

---

jirani_mwema

Nimeangalia ya kwetu. Naomba link ya mfano wa sera tafadhali, haraka.